Neno Aliloambiwa Mbwa

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Mtu ninayetaka kumsema sitamtaja jina, kwa kuwa wajukuu zake wapo, na miongoni mwao wamo watu wema wasiostahili kubeba mzigo wake. Sisi tulimwita Mwenye Nyavu, na hilo linatosha. Nasaba yake waulize wanaopenda nasaba. Mimi nilimjua tangu nilipokuwa kijana asiyeota ndevu hadi nilipokuwa baba wa watoto watatu, na katika miaka hiyo yote sikumwona hata siku moja akimtangulia mtu mbele ya mnyama ambaye hajanaswa.

Nyavu zilikuwa zake kweli. Hilo simnyang'anyi. Alikuwa nazo nane, za kamba ya magome aliyoisokota mwenyewe juu ya paja, na paja lile lilikuwa laini, halina unywele hata mmoja, kama mpini wa jembe kuukuu. Alijua kufunga fundo ambalo funo, yule swala mdogo wa vichakani, akilipiga kwa kichwa linakaza, na mwindaji akilivuta kwa kidole linalegea. Kwa ajili ya nyavu hizo, wawindaji wote wa upande wetu wa Mandawa walilazimika kumpitia yeye, maana mkuki ni wa mtu mmoja lakini wavu ni wa watu ishirini, na mwenye wavu ndiye anayesema leo tunakwenda wapi. Mwenyezi Mungu akimpa mwoga kitu wanachokihitaji mashujaa, balaa haliko mbali.

Sasa nikueleze maneno yalivyokuwa yakigawanywa, kwa sababu kwetu maneno ya mawindo yaligawanywa kama nyama. Aliyewahi kuua nyati, au mnyama mwenye kucha, alikaa juu ya ngozi na kusema apendavyo. Aliyeua paa na funo alikaa juu ya gogo na kusema akiulizwa. Sisi vijana, ambao kazi yetu ilikuwa kubeba nyavu, kukagua nyayo alfajiri na kupiga kelele kichakani ili wanyama watoke, tulikaa chini pamoja na mbwa. Hatukuwa na ruhusa ya kumwambia mtu mzima neno lolote la mawindo. Kijana akiwa na neno, alimgeukia mbwa akamwambia mbwa, kwa sauti ya kutosha. Wazee walisikia huku wakitazama pengine. Neno likiwa zuri, mmoja wao aliliokota: "Naona mbwa anasema funo wamelala ng'ambo ya kijito." Hapo likaingia katika mazungumzo, likawa la yule aliyeliokota. Likiwa baya, lilibaki kwa mbwa, na mbwa hamcheki mtu.

Usitabasamu. Desturi ile ilikuwa na akili yake. Kijana akikosea hakuaibika, maana alikuwa akisema na mnyama. Mzee akifundishwa na mtoto hakuaibika, maana hakuna mtu aliyemfundisha. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenipa mkuki wa kwanza na kunionyesha pa kuushika, aliitumia kwa heshima. Aliliokota neno langu mbele ya wazee, na tulipokuwa njiani wawili alisema, "Lile la leo lilikuwa lako, mpwa. Nimeliazima." Mwenye Nyavu hakuazima. Alichukua.

Nilimtazama akichukua mara nyingi hata nikaijua njia yake kama ninavyoijua njia ya kisimani. Kijana alimwambia mbwa neno. Mwenye Nyavu alitoa kifuko cha ugoro, akakigonga mara tatu juu ya goti, akavuta, akapiga chafya, akafuta machozi. Wazee walingoja, kwa sababu ni utovu wa adabu kusema mtu anapopiga chafya. Kisha akalitoa lile lile neno la kijana, moto bado, kana kwamba chafya ndiyo iliyomletea.

"Mwenye Nyavu ana pua," wazee walisema.

Alikuwa nayo, naam. Ya ugoro.

Kijana mmoja wa rika langu alirudi kutoka Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, amevaa viatu vya ngozi. Viatu vilikuwa vimempanda kichwani. Tulipokuwa tukifungasha nyavu, akasimama akasema waziwazi, "Mzee, huko unakotupeleka hakuna funo. Nimepita asubuhi hii."

Mwenye Nyavu akawageukia wenzake. "Mmesikia upepo?"

"Upepo wa wapi tena?" mmoja akajibu.

"Sijui. Unavuma kutoka upande wa viatu."

Wakacheka wote. Kijana akarudia neno lake. Mwenye Nyavu akamtazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole. "Mwanangu, hao waliokupa viatu, walikupa na ngozi ya kukalia?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaa chini, uhesabu mafundo ya wavu huu. Ukikosea, anza upya."

Alihesabu mpaka jua likasimama utosini, sisi tukimsubiri. Huko tulikokwenda hapakuwa na funo hata mmoja. Wakati wa kurudi, Mwenye Nyavu alisema kwa huzuni ya mtu aliyedhulumiwa, "Mmeona? Kijana kapayuka, wanyama wamekimbia." Wazee wakatikisa vichwa. Watu wazima, wenye wake na mashamba, ndio waliotikisa vichwa.

Alikuwa na misemo, na ninyi mnaopenda misemo mngempenda. Alisema, "Mtu huzaliwa na masikio, meno huja baadaye, kwa hiyo kijana asikie kwanza." Alisema, "Mdomo wa kijana ni tundu la panya, kila kitokacho humo kimeiba kitu." Alipoulizwa na mwalimu wa chuo cha Kurani kwa nini anaishi na mbwa wengi hivyo, alijibu, "Mbwa ni najisi, mwalimu, lakini masikio yake hayana kosa." Watu waliyabeba maneno hayo mpaka Nandagala. Hakuna aliyejiuliza kama mtu anaweza kuwa na misemo mingi na ukweli mdogo. Anaweza. Ukimwona anayesema kila kitu kwa methali, mtazame mikono.

Mkononi alikuwa na kovu refu, kutoka kiwiko hadi kifundo. Alituambia lilitokana na chui aliyemrukia wakati anamwokoa mwenzake. Tuliamini miaka mitatu. Siku moja alikuwa akilisimulia mbele ya wageni, mkewe akiwa anapepeta ufuta karibu, na yule mama akashindwa kujizuia.

"Chui gani, baba? Si zile korosho ulizokuwa unachoma ukazisahau, maganda yakakutemea mafuta?"

"Mwanamke, wewe hukuwapo msituni."

"Msituni sikuwapo. Jikoni nilikuwapo. Na mafuta nilikupaka mimi."

Wageni walitazama chini. Mwenye Nyavu akaendelea na chui wake mpaka akamuua. Ile ngozi ya nyati aliyokuwa akikalia, iliyompa haki ya kusema apendavyo, ilikuwa ya nyati aliyeuawa na babu yake. Yeye aliirithi pamoja na kisu na vinu viwili.

Nisiseme uongo, maana sitaki kufanana naye. Alikuwa na mazuri. Mnyama akinaswa, alikuwa wa kwanza kufika na kisu, akamchinja kwa kisomo kabla roho haijatoka, na hakumpa mtu yeyote nyama yenye shaka. Jirani yake kulikuwa na bibi kizee kipofu asiye na mtoto, na katika kila mgao Mwenye Nyavu alimpelekea yeye paja la nyuma kabla hajapeleka kitu nyumbani kwake, akakaa naye mpaka limeiva, akamtolea mifupa. Hakusimulia jambo hilo kwa mtu. Nimejiuliza jinsi mkono mmoja ulivyoweza kutenda hayo na yale. Jibu sikulipata, na sikulitafuta sana.

Sasa nifike palipo na uchungu.

Miaka ile Wazungu walikuwa wakifyeka msitu wa Nachingwea ili walime karanga. Nilifanya kibarua huko kwa miezi saba, nikichota maji. Niliona mashine mbili zikivuta mnyororo mmoja mnene, na miti iliyokuwa kati yake ikilala chini kama nyasi. Niliona pia kitu ambacho wazee wetu hawakukiona: wanyama wakihama. Nyati walipita mchana kweupe mbele ya matrekta, wamechanganyikiwa, wakielekea upande wa Ruangwa, huku kwetu. Nilirudi nyumbani nikiwa na habari hiyo moja yenye maana, na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu nilikuwa bado sijaua hata paa.

Tukapanga kuwinda katika bonde lililo njia ya kwenda Nandagala. Siku moja kabla, Mwenye Nyavu alisema akiwa juu ya ngozi ya babu yake, wazee watano wakimsikiliza, "Bonde lile halijakanyagwa na nyati tangu enzi za babu yangu. Tegeni nyavu za funo bila wasiwasi." Unaelewa hatari yake. Wavu wa funo kwa nyati ni utando wa buibui, na mtu hukaa nyuma ya utando huo amechuchumaa.

Alfajiri nilitumwa mimi kukagua nyayo. Nilikuta alama za kwato pana kama sahani, zimezama katika udongo wa mtoni, na kinyesi kibichi kinachotoa mvuke. Zilikuwa za dume, peke yake, na zilikuwa zimeingia kichakani wala hazikutoka. Nilirudi mbio. Wazee sita walikuwa wamesimama, wanafungua nyavu. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwao. Nikapiga goti mbele ya mbwa, jike moja la madoadoa, nikasema kwa sauti, "Mbwa, leo usiingie humo. Mna nyati dume, yuko peke yake, na kinyesi chake bado kina moto."

Hakuna aliyegeuka. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Mwenye Nyavu akatia mkono penye kifuko cha ugoro, akakishika, kisha akakiachia. Nililiona hilo kama ninavyouona uso wako. Neno lake la jana lilikuwa halijapoa. Akiliokota langu, analila la kwake mbele ya watu watano. Akasema, "Haya, tegeni."

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kumshika mjomba nguo nikamwambia, na wangenihesabisha mafundo mpaka magharibi, basi. Badala yake nilimwambia mbwa mara ya tatu, kisha nikaingia kichakani kupiga kelele kama nilivyoamriwa. Nikiwa humo ndani nilitazama juu ya vichaka nikamwona Mwenye Nyavu. Alikuwa juu ya mti. Mbwa walikuwa hawajabweka, jani lilikuwa halijatikisika, na mwenye bonde lisilo na nyati alikuwa amekwisha kupanda mti, kisu kiunoni, amekumbatia tawi.

Nyati alitoka upande wa mjomba. Alipita na wavu juu ya pembe, na vijiti vyake vikimfuata nyuma. Mjomba alimchoma mkuki begani, na nyati akamtupa, akamkanyaga nyonga, akaenda zake. Hatukumwona tena. Mjomba tulimbeba kwa wavu mmoja uliosalia.

Alipona, kwa namna ya kupona. Mguu mmoja ulikauka, na hakuwinda tena. Na kabla hata uvimbe haujashuka, Mwenye Nyavu alikuwa amekwisha kuitengeneza hadithi. "Nilimwuliza kijana, umeona nini? Akasema hakuna kitu. Mimi moyo wangu ulikuwa umekataa, ndiyo maana nikapanda mti niangalie." Kisha akamalizia, kila mara, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mjomba wangu alivunjika guu kwa kulisikia la mkuu, lakini nani angesema? Mimi sikuwa na ngozi ya kukalia.

Wewe umezaliwa zama nyingine, kwa hiyo nikuambie maana ya tuhuma ile. Kwetu mtu humrithi mjomba wake. Mashamba yake, mikorosho yake, neno lake katika ukoo, vyote vilikuwa vije kwangu. Kijana aliyeona nyati akanyamaza wakati mjomba wake anakaa nyuma ya wavu huitwa kwa jina moja tu. Wanawake kisimani walisema, "Mpwa yule ana haraka ya kurithi." Nilichumbia mara mbili nikakataliwa mara mbili. Nilimlimia mjomba, nikamwezekea nyumba, nikamchotea maji kama binti, na kila nililomtendea wakasema, "Dhamiri inamsuta." Mjomba mwenyewe hakuwahi kuligusa jambo lile. Niliufahamu ukimya wake kuwa hukumu.

Miaka ikapita. Nilioa mwishowe, mwanamke wa mbali asiyejua hadithi ile. Niliua nyati wangu, wawili. Mwaka mmoja au miwili kabla ya Uhuru, mjomba akalala kitandani, na tukajua hatainuka. Nikachukua baiskeli nikaenda Nkowe, ambako Mwenye Nyavu alikuwa amehamia kwa mpwa wake. Nilimkuta ukumbini, hana meno, anasokota kamba ambayo hakuna aliyeihitaji.

"Mjomba anakwenda," nikamwambia. "Nataka uje useme mbele yake."

"Niseme nini?"

"Kwamba nilisema."

"Ulimwambia mbwa."

"Nawe ulisikia."

Akasokota kidogo. "Baiskeli yako ina keria?"

"Inayo."

"Basi nisaidie niinuke."

Alikuja kwa sababu alipenda kufuatwa. Nyumbani kwa mjomba walikuwamo mama yangu na majirani watatu. Mwenye Nyavu alikaa kando ya kitanda, akaushika mkono wa mgonjwa, akaanza kusema. Alisema vizuri sana. Alisimulia mkuki wa mjomba jinsi ulivyokuwa ukiruka bila sauti, akasimulia subira yake, akasimulia funo watatu wa siku moja. Mama yangu akalia. Nikaona anaelekea mwisho, naye hajalifikia.

"Mzee," nikasema, "sema lile."

"Lipi, mwanangu?"

"La nyati. Nilisema au sikusema?"

Alinitazama, na sikuona aibu katika macho yale, bali kuchoka. "Ulisema," akajibu. "Mara tatu. Nilisikia. Sote sita tulisikia, kijana, ulikuwa na sauti kama ya jogoo. Mwulize mjomba wako. Alisimama karibu na mbwa kuliko mimi."

Nikamgeukia mjomba. Alikuwa akitazama makuti ya paa niliyoyaezeka mimi.

"Nilisikia, mpwa," akasema. "Nilingoja mwenye nyavu aliokote."

"Na hakuliokota."

"Hakuliokota. Ningeondokaje mimi peke yangu? Ningeitwa nani?"

"Na miaka hii yote, mjomba, waliposema nina haraka ya kurithi?"

Alifumba macho. "Ningewaambia nini? Kwamba nilichuchumaa pale nikijua?" Kisha akaomba maji. Nikampa maji.

Mama yangu alisikia, na majirani walisikia, na kabla ya alasiri Mandawa nzima ilikuwa imesikia. Jina langu lilisafishwa siku ile, kama nilivyotaka, na nikawa sijui pa kuliweka. Dharau niliyomwekea mtu mmoja kwa miaka mingi ilinibidi niigawe: kwa wazee wanne wengine waliosikia, kwa mjomba niliyempenda, kwa kijana aliyepiga goti mbele ya mbwa wakati watu wamesimama hatua nne kutoka kwake. Niliigawa, na kila mmoja akapata fungu kamili. Haikupungua.

Mjomba alizikwa siku ya nne. Lakini jioni ile ya kwanza nilikuwa na kazi nyingine, kwa sababu mtu uliyemleta humrudisha. Nikampakia Mwenye Nyavu kwenye baiskeli. Njia nzima ya Nkowe nilisema mimi. Nilimweleza kisima na maneno ya wanawake, nilimweleza wachumba walionikataa, nilimweleza mti ule na tawi alilolikumbatia. Sikumkosea adabu hata kwa neno moja, na sikumwachia nafasi ya kupenyeza lake. Alikuwa amenishika kiuno kwa mikono miwili, nikihisi pumzi yake mgongoni.

Nilipomaliza, alikohoa.

"Punguza mwendo, mwanangu," akasema. "Hapa pana mawe."

Tulipofika kwenye mlima hakushuka. Nilishuka mimi, nikasukuma.